Mgeni ndani ya riwaya ya mtu

Wapenzi wa michezo ya kuigiza wahusika wana ubishi mmoja usiokwisha. Kila unapotoka mchezo uliojengwa juu ya riwaya maarufu, swali linarudi: hadithi mwandishi ameshaimaliza, sasa mchezaji anabakiwa na kazi gani? Mimi nina msimamo wangu, na nitautetea kwa mfano wa Middle-earth, ulimwengu wa J.R.R. Tolkien.

Kwa ambao mambo haya ni mageni kwao, hapa hatuzungumzii michezo ya kompyuta. Watu wanne au watano wanakaa mezani na karatasi, penseli na dado. Mmoja anakuwa msimulizi. Waliobaki kila mtu anabeba mhusika wake na kusema anafanya nini, na pale penye mashaka dado inaamua. Ni hadithi za jioni zilezile, tofauti ni kwamba wasikilizaji nao wamo ndani.

Sasa tuone tatizo lilipo. Tolkien alitoa The Hobbit mwaka 1937, kisha The Lord of the Rings kati ya 1954 na 1955. Pete ilivyoharibiwa tunajua, na aliyeibeba tunamjua. Ukimweka mchezaji karibu na Frodo, umemfanya mpagazi. Ukimpa yeye hiyo pete, umefuta kitabu cha mwenzio.

Kampuni ya Marekani, Iron Crown Enterprises, ilijaribu kulitatua hilo mwaka 1984 kwa mchezo ulioitwa Middle-earth Role Playing. Dawa yao ilikuwa kurudi nyuma. Vita vya Pete vinapiganwa mwaka 3018 na 3019 wa Enzi ya Tatu, lakini wao waliuweka mchezo kwenye miaka ya 1640, muda mfupi baada ya Tauni Kuu. Hapo Frodo bado karne nyingi azaliwe, kwa hiyo mchezaji ana nafasi tele. Na ramani zao jamani! Hadi leo watu wanazitafuta.

Tatizo likawa kanuni. Hizo zilipunguzwa kutoka mchezo wao mwingine, Rolemaster, unaosifika kwa majedwali ya namna mtu anavyovunjwa mfupa au kukatwa mkono. Uchawi nao ukawa wa kumwaga. Kitabuni hata Gandalf mwenyewe anautoa kwa kibaba! Ukikaa mezani unasikia majina ya Tolkien, lakini roho ni ya mchezo mwingine. Kampuni hiyo ilipoteza kibali cha kutumia kazi za Tolkien mwaka 1999.

Mwaka 2011 ukaja The One Ring, wa Waitaliano Francesco Nepitello na Marco Maggi. Hawa hawakwenda mbali. Waliingia kwenye pengo lililopo kati ya vitabu viwili, baada ya Bilbo kurudi nyumbani na kabla Frodo hajaondoka. Toleo la kwanza linaanza mwaka 2946. La pili, lililotolewa na Free League ya Sweden, linaanza 2965.

Lakini kilichonivutia zaidi ni kanuni zake. Mhusika ana hesabu mbili, Tumaini na Kivuli. Ukidanganya kwa makusudi, ukiiba, ukimtisha mtu, Kivuli kinaongezeka, hata kama ulikuwa na sababu nzuri. Kivuli kikifikia kiasi cha Tumaini, mtu anaanza kuelemewa. Hilo ndilo lililompata Boromir, ambaye alitaka pete ili aokoe mji wake! Hapa mchezo umechukua dhamira ya riwaya, haukuishia kwenye majina ya milima. Wahenga walishasema nyumba njema si mlango. Ramani ni mlango tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mchezo wa riwaya ukope dhamira ya mwandishi, halafu matendo umwachie mchezaji.

Ila kuna jambo ambalo The One Ring bado unadaiwa. Kitabu kikuu cha kila toleo kinakupa watu wa aina sita wa kuchagua, na wote ni wa kaskazini: mahobiti wa Shire, watu wa Bree, na wengineo. Watu wa Harad, kule kusini ambako riwaya inaweka watu weusi na tembo wakubwa wa vita, wanabaki maadui wa kukatwa. Iron Crown, pamoja na makosa yao, angalau walichapisha vitabu kuhusu nchi hizo, wakazipa miji na historia.

Wapo watakaosema Tolkien mwenyewe hakutaka. Mbona aliacha mlango wazi? Katika The Two Towers, Sam anamwona shujaa wa kusini akianguka mbele yake amekufa. Anajiuliza jina lake nani, kama kweli alikuwa na moyo mbaya, na ni uongo gani au vitisho gani vilimtoa kwao. Hobiti, mtunza bustani, ndiye anayeuliza! Katika maandishi yake ya mwishoni, Tolkien aliwapa pia wachawi wawili wa buluu kazi ya kuvuruga nguvu za Sauron kule Mashariki. Maana yake huko nako walikuwepo watu waliokataa.

Fikiria basi mhusika wa Harad ambaye kijiji chake kinadaiwa askari na Sauron. Akidanganya ili kumficha mdogo wake, Kivuli kinaongezeka. Akisema kweli, kijana anakwenda kufa Gondor. Tumaini na Kivuli vitapimwa wapi vizuri kuliko hapo? Hakuna neno la Tolkien litakalofutwa, maana habari za kijiji hicho hakuziandika.

Wanaosema hadithi imekwisha wanahesabu upande mmoja tu wa ramani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hapa ni riwaya yenyewe, na wageni wapo mlangoni. Au nyie mnaonaje?