Kuvuta Kamba Hakujengi Timu

Jamani, leo acha niseme linalonikera. Kila mwaka kampuni kadhaa hapa Nairobi hukodisha basi, zikawapeleka wafanyakazi Naivasha, zikawavalisha fulana za rangi moja na kuwaambia wavute kamba. Eti wanajenga timu! Jumatatu wakirudi ofisini, bosi ndiye anayesema kwanza na ndiye anayesema mwisho. Kijana aliyeajiriwa juzi anajua wazi kuwa programu haitakamilika kwa wiki mbili, lakini ananyamaza. Timu iko wapi hapo?

Mimi sipingi michezo. Ninapinga mchezo unaowekwa mbali na kazi. Faida kubwa ya mchezo ni kwamba ukichezwa sawasawa, cheo hakikusaidii. Tazama wachezaji wa bao kule Pwani. Kijana akimfunga mzee, amemfunga. Kete haziulizi umri.

Sisi waandika programu tunao mchezo wa aina hiyo tayari. Unaitwa Planning Poker, na James Grenning aliueleza mwaka 2002. Kila mtu ana karata zenye nambari: 1, 2, 3, 5, 8, 13 na kuendelea. Kazi inasomwa, kila mmoja anachagua karata inayolingana na ukubwa wa kazi hiyo na kuificha. Kisha zote zinafunuliwa kwa mpigo. Aliyetoa ndogo kabisa na aliyetoa kubwa kabisa wanajieleza, halafu mnacheza tena.

Umeona ujanja wake? Bosi hawezi kutangulia kusema "hii ni kazi ndogo" wote wakaitikia ndiyo. Akitoa 2 na kijana akatoa 13, lazima kijana asikilizwe. Huenda ni yeye pekee aliyeifungua ile programu ya zamani akaona ilivyooza ndani.

Najua wapo watakaosema huo ni utoto. Haya, tuongee utoto basi. Kuna zoezi lililobuniwa na Peter Skillman: kikundi kinapewa spageti 20 mbichi, utepe wa gundi, uzi na pipi moja laini. Kina dakika 18 za kujenga mnara, pipi ikae kileleni. Tom Wujec, aliyelifanya na vikundi vingi, alieleza mwaka 2010 kwamba watoto wa chekechea huwashinda wahitimu wapya wa shule za biashara. Wahitimu humaliza muda wakipanga na kugombea ukubwa. Pipi huiweka mwisho kabisa, mnara ukaporomoka. Watoto huiweka mapema. Ukianguka, wanajenga tena. Si ndivyo programu nzuri zinavyoandikwa?

Kwa hivyo wakubwa, wekeni pesa za basi. Kateni karata za karatasi ngumu, mkae mezani Jumatatu asubuhi. Na kijana akionyesha kuwa kazi ni kubwa, bosi abadilishe tarehe ya kumaliza. Asipoibadilisha, bado mnavuta kamba tu, na mshindi alijulikana kabla hamjaishika.