Zamu ya Nahodha: Kumchagulia Mtoto Katuni za Mashujaa

  

Wasomaji watukufu, wiki hii nimeletewa swali na mama mmoja wa hapa Nakuru. Binti yake wa miaka 13 amerudi kutoka kwa binamu zake akiwa na hamu kubwa ya kusoma katuni za mashujaa wenye nguvu za ajabu, zile zichapishwazo Marekani. Mama huyu ana hofu mbili. Akimkataza, binti atazisoma kwa siri kwenye simu ya mtu, pasi na mkubwa wa kumuuliza anasoma nini. Akimruhusu, yeye mwenyewe hajui waanzie wapi, na amesikia kwamba ndani ya vitabu hivyo mna viumbe wanaoitwa miungu. Anauliza: afunge mlango au aufungue?

Rai yangu ni kwamba aufungue, na ufunguo abaki nao yeye. Suala la kuchora viumbe wenye roho ni la khilafu baina ya maulamaa tangu kale. Anayeshika rai ya kukataza asilaumiwe, na makala haya hayamlazimishi kitu. Nawaandikia wale ambao katuni zimekwisha kuingia nyumbani mwao, kwani hao ndio wengi.

Kwanza tukumbuke kwamba hadithi za mashujaa si jambo geni kwetu. Bibi zetu wa Lamu na Pate walilala na kuamka na habari za Fumo Liyongo, mtu wa nguvu zisizo kifani, asiyedhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Muhammad Kijumwa aliuandika utenzi wake mwaka 1913, na kila ajuaye kisa hicho anajua pia kwamba siri ile ilitolewa na mwanawe mwenyewe kwa tamaa. Vivyo hivyo wazee walisikiliza Utenzi wa Rasi'l Ghuli wa Mgeni bin Faqihi, ambamo Waislamu, Sayyidna Ali akiwa mbele yao, wanapambana na mfalme dhalimu wa Yemen. Wasikilizaji wale walijua kupambanua baina ya kisa cha kusisimua na sira iliyothibiti. La ajabu ni kwamba jina hilo hilo, Ra's al Ghul, walipewa wasomaji wa Marekani mwaka 1971 kuwa jina la adui mkubwa wa Batman. Bibi wa Lamu angelisikia jina hilo angeketi kitako aelezwe habari.

Sasa, nini kinachomchanganya anayeanza? Ni wingi. Superman alitoka mwaka 1938, Spider-Man mwaka 1962, na tangu hapo matoleo yao hayajakoma. Mgeni hudhani kwamba ni lazima aanze toleo la kwanza, akachoka kabla ya kufika popote. Au hununua toleo lolote lililo mbele yake, akajikuta katikati ya ugomvi asioujua chanzo chake. Tena mashujaa hawa hawamilikiwi na mwandishi mmoja. Kampuni ndiyo yenye shujaa, nao waandishi hupokezana. Mfano wake ni jahazi: chombo ni kile kile, manahodha hubadilika. Huyu atakufikisha salama, na yule atakupandisha mwambani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: usichague kwa jina la shujaa, chagua kwa zamu ya mwandishi. Uliza ni nani aliyeandika, alianza toleo gani na akaishia wapi, kisha msome zamu hiyo peke yake kama kitabu kimoja chenye mwanzo na mwisho. Mzazi anayesema "Spider-Man ni salama" bado hajachagua kitu, kwani chini ya jina hilo mna mazuri na mabovu. Nitazitaja zamu tatu, kwa mpangilio wa kuanzia.

Ya kwanza ni Ms. Marvel ya mwandishi G. Willow Wilson, mwanamke wa Kimarekani aliyesilimu na aliyewahi kuishi Cairo. Alishirikiana na mhariri Sana Amanat, naye ni Mwislamu, na mchoraji Adrian Alphona. Zamu hii ilianza mwaka 2014, ikaanzishwa upya kwa hesabu mpya ya matoleo mwaka 2015, na Wilson akaikabidhi kwa mwingine mwaka 2019. Mkusanyo wake wa kwanza, wenye matoleo matano ya mwanzo na uitwao No Normal, ulipata tuzo ya Hugo mwaka 2015. Huo ndio mama aanze nao.

Shujaa wake ni Kamala Khan, binti wa miaka 16 wa Jersey City, wazazi wake wakiwa wametoka Pakistan. Anapopata uwezo wa kubadili umbo lake, jambo la kwanza analolifanya ni kujigeuza awe mwanamke wa kizungu mwenye nywele za dhahabu, kwa kuwa ndivyo alivyodhani shujaa huwa. Kisha anagundua kwamba sura ya kuazima haimpi raha aliyoitarajia. Wangapi miongoni mwa mabinti zetu, wakiwa wawili au watatu wenye hijabu katika darasa zima, wamewahi kutamani siku moja waamke wakiwa watu wengine? Hilo ndilo jambo lililonifanya niiweke zamu hii mbele. Na msichana wa kwanza anayemwokoa ni yule yule aliyekuwa akimdharau yeye na dini yake. Kinachomsukuma kumwokoa ni aya ya Qur'ani aliyofundishwa na baba yake, juu ya thamani ya kuihuisha nafsi moja.

Yumo pia sheikh wa msikiti, Sheikh Abdullah. Wazazi wanampeleka binti kwake kwa kuwa hurudi nyumbani usiku na hataki kusema alikuwa wapi. Kamala anakwenda akitarajia karipio. Sheikh anamsikiliza, halafu anamnasihi kwamba ikiwa hawezi kuacha analolifanya, basi alifanye kwa ujasiri, ukweli, huruma na kujiheshimu, na atafute mwalimu wa kumwongoza. Sisi tunaokaa mbele za watoto kila siku tuna la kujifunza katika ukurasa ule.

Tahadhari zipo, nami sizifichi. Katika toleo la kwanza kabisa Kamala anatoroka nyumbani usiku kwenda kwenye karamu ya vijana, na anapewa kinywaji chenye ulevi bila kujua, akionja anakitema. Mbele mna kijana rafiki anayempenda. Mama asome kurasa hizo pamoja na binti, amuulize: kutoroka kule kulimletea nini? Hadithi yenyewe itamsaidia kujibu.

Zamu ya pili ni Ultimate Spider-Man ya Brian Michael Bendis na mchoraji Mark Bagley, iliyoanza mwaka 2000. Wawili hawa walikaa pamoja kwa matoleo 111, jambo lililo nadra katika kazi hii. Walikianza kisa upya kwa ajili ya asiyejua lolote: habari ya asili ambayo mwaka 1962 ilielezwa kwa kurasa 11, wao waliipa matoleo saba ya kwanza. Peter Parker ni yatima wa miaka 15 anayelelewa na ami yake na mkewe. Anapopata nguvu anaanza kwa kujisifu na kutafuta maslahi yake. Mwizi anapita mbele yake, naye anamwacha akisema halimhusu. Mwizi huyo huyo ndiye anayemuua ami yake.

Ndugu zangu, dini yetu imetufundisha kukataza maovu kwa mkono, kwa ulimi, au walau kwa moyo, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Kuna watoto wanaoihifadhi hadithi hiyo ya Mtume (S.A.W.) na wasiione maana yake mpaka waione sura ya kijana aliyenyamaza. Nyumba iliyo na yatima itaguswa zaidi, kwa kuwa mjane yule anamlea mtoto asiye wa tumbo lake kwa subira kubwa huku fedha zikiwa haba. Tahadhari yake ni mapenzi ya vijana na vitisho vya hapa na pale. Inamfaa mwenye miaka 13 au zaidi.

Zamu ya tatu inatuhusu sisi wa Kenya, nayo ndiyo yenye mtihani. Mwaka 1975 katika kundi la X-Men aliingia Ororo, aitwaye Storm, mwanamke anayeamuru upepo na mvua. Mama yake ameandikwa kuwa binti wa kifalme kutoka Kenya, na baba yake Mmarekani. Aliachwa yatima mjini Cairo akiwa mtoto, akafunikwa na kifusi pamoja na maiti ya mama yake, na tangu hapo akaogopa mahali palipobana. Baadaye alitembea hadi Kenya, na tunapokutana naye mara ya kwanza wanakijiji wanamwabudu kama mungu wa mvua.

Hapa ndipo mama alipoogopa, na hofu yake ni ya haki. Sisi wa Bonde la Ufa tunaotazama mawingu juu ya Menengai wakati mahindi yananyauka, tunajua mvua huombwa kwa nani. Tunatoka uwanjani kwa swala ya istisqaa, mkulima na mfanyabiashara wamepanga safu moja. Picha ile ya kijiji cha Kiafrika kinachomsujudia msichana ni dhana ya mtu aliyekuwa mbali, na mtoto aambiwe waziwazi: hivi ndivyo walivyotudhania, na hivi ndivyo tulivyo.

Lakini Chris Claremont, aliyeandika X-Men kuanzia mwaka 1975 hadi 1991, hakumwacha Ororo juu ya kiti kile cha uungu. Anaambiwa mapema kwamba yeye si mungu, naye anateremka kuishi na watu. Mwaka 1984 ananyang'anywa nguvu zake zote. Asiye na upepo wala radi, anarudi Afrika kwa miguu na kumsaidia mwanamke kujifungua. Kisha katika toleo la 201 anashindania uongozi wa kundi na Cyclops, mwenye nguvu zake kamili, naye anamshinda kwa akili na uthabiti. Mtoto aliyefundishwa tauhidi sawasawa anaweza kutoka humo akiwa ameelewa vizuri zaidi kwamba nguvu ni amana, hutolewa na huondolewa. Mtoto ambaye hajafundishwa ataibeba ile picha ya mwanzo. Ndiyo maana naiweka ya tatu, kwa wenye miaka 15 na zaidi, na baada ya mazungumzo.

Wengine wataniuliza juu ya The 99, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Naif al-Mutawa wa Kuwait, daktari wa nafsi. Humo vijana wa nchi mbalimbali wanapata vito vilivyohifadhi elimu ya maktaba ya Baghdad, iliyoangamizwa na Wamongoli mwaka 1258, na kila mmoja anabeba sifa inayotokana na Majina Mazuri ya Mwenyezi Mungu. Nia ilikuwa kuwapa watoto wa Kiislamu mashujaa wao. Maulamaa walitofautiana, na wa Saudia waliikemea vikali mwaka 2014. Mimi naona adabu ya Majina hayo ni kubwa. Tunamwita mtoto Abduljabbar, hatumwiti Jabbar tukanyamaza. Sitaiweka mikononi mwa anayeanza, ingawa simshutumu aliyeitunga.

Wala tusisahau vya kwetu. Katika miaka ya 1990 shirika la Sasa Sema la Nairobi lilitoa vitabu vya katuni kwa Kiswahili, miongoni mwavyo Abunuwasi cha mchoraji Gado, na Mkasa wa Shujaa Liyongo. Ukikipata hiki cha pili, hata kikiwa kikuukuu katika maduka ya vitabu vya mitumba, kinunue. Mtoto akikisoma kabla ya Spider-Man, atajua kwamba ushujaa haukuzaliwa New York.

Mwisho nina nasaha tatu kwa wazazi. Tazameni alama ya umri iliyo kwenye jalada, kwani katuni nyingi siku hizi zimeandikiwa watu wazima, na mchoro wa rangi si dalili kuwa kitu ni cha watoto. Nunueni au azimeni mkusanyo mmoja mmoja, msisome yote kwa pupa. Na baada ya kila mkusanyo, muulizeni mtoto maswali haya: shujaa huyu alimtegemea nani? Alimdhulumu nani kwa nguvu zake? Na wewe, uwezo aliokupa Mola wako utautumia kwa ajili ya nani?

Mama asiyependa katuni hata kidogo anaweza kuyauliza maswali haya akiwa jikoni anachambua mchele, na binti akaketi karibu naye kumjibu. Faida ya vitabu hivi, kama ipo, imo katika mazungumzo hayo. Usiku wa leo kuna watoto wengi wanaosoma peke yao, na ni sisi tuliowaacha peke yao.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awape elimu yenye manufaa, na awajaalie nguvu zao ziwe rehema kwa wanyonge. Wabillahi tawfiq.