Bonde la Msimbazi si mafuriko tu

Ndugu mwandishi, watu wa bonde la Msimbazi umewachora kama wakaidi tu wasiotaka kuhama. Mto huu unaoshuka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini, karibu na Daraja la Selander, umeilisha Dar es Salaam mchicha na matembele miaka mingi, nasi tunakula bila kuuliza bustani zinamwagiliwa maji gani. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi walipewa viwanja Mabwepande, mbali mno na Kariakoo wanakochuuza. Wapo waliorudi bondeni, na sababu yao ilikuwa riziki. Halafu utani wenyewe wa soka: Simba ndio wanaoitwa Wekundu wa Msimbazi, lakini mto ukifurika maji huenda kwa watani wao Yanga, klabuni kwao pale Jangwani!