Usahihi wa Kompyuta Hupimwa kwa Kiswahili cha Nani?

Waundaji wa programu za kompyuta zinazosikiliza na kuandika Kiswahili hupenda kutangaza ufanisi wake kwa tarakimu moja: maneno 95 sahihi katika kila 100. Tarakimu hiyo haitokani na kukagua lugha nzima. Huteuliwa sampuli, makosa yakahesabiwa, na matokeo yakachukuliwa kuwa ya wasemaji wote. Kitakwimu, utaratibu huo hauna ila. Sampuli nasibu ya maneno 400 yenye usahihi wa asilimia 90 huacha shaka ya asilimia 3 tu juu au chini, hata kama mkusanyo una mamilioni ya maneno. Tatizo limo katika mkusanyo wenyewe.

Mzee wa Issenye, wilayani Serengeti, azungumzapo Kiswahili, nyuma yake ipo lugha ya Kiissenye, ambayo wanaisimu huiweka kundi moja na Kiikoma na Kinata. Kinata kina irabu saba na toni. Kiswahili kina irabu tano na hakina toni. Si ajabu matamshi ya mzee huyo yakatofautiana na ya msoma habari wa Dar es Salaam. Je, amo katika sampuli? Mradi wa Common Voice wa Mozilla, kwa mfano, hukusanya sauti za wanaojitolea kupitia intaneti. Ni kazi ya kusifiwa, lakini aliyejitolea si sawa na aliyeteuliwa kinasibu.

Ikiwa usemi wa aina hiyo ni asilimia 1 ya mkusanyo, sampuli ya sentensi 400 hutarajiwa kupata 4 tu. Mashine ikizikosea zote, usahihi wa jumla hupungua kwa asilimia 1, na hakuna atakayeshtuka. Kuongeza sampuli hadi 4,000 hakusaidii, kwani sentensi 40 nazo huzama katika wastani. Sharti wasemaji wagawanywe kwanza katika matabaka, kila tabaka liteuliwe sampuli ya kutosha na kupewa tarakimu yake. Aidha, sentensi 400 za mzee mmoja haziwi badala ya sentensi moja moja za wazee 400, maana makosa ya mtu mmoja hufanana.

Hata kipimo chenyewe, yaani neno, kina mushkeli katika lugha ya Kibantu. "Atakunywa dawa" na "hatakunywa dawa" hutofautiana kwa sauti moja. Katika hesabu ya mashine hilo ni kosa la neno moja. Kwa mganga wa zahanati ni habari iliyopinduka.

Itadaiwa kwamba gharama ni kubwa. Dai hilo lina ukweli kiasi, lakini vyuo vina wanafunzi watokao Mara ambao hurudi makwao kila likizo, na kinasa sauti si mzigo. Mpaka kazi hiyo ifanyike, idara ya Kiswahili inayoombwa kuidhinisha programu ya namna hii ina haki ya kukataa tarakimu moja na kudai jedwali la matabaka.