Ankara haijui msimu: mfanyabiashara wa Mpanda alipe simu kabla

Biashara ya mazao mkoani Katavi ina kalenda yake. Mvua huanza Novemba na kumalizika Aprili. Mahindi na mpunga huingia sokoni kuanzia Mei, na katikati ya mwaka ndipo malori yanapopishana Mpanda, Majimoto na Inyonga. Januari hadi Machi fedha ziko shambani na mzunguko hupungua. Ankara ya simu, kwa upande wake, haijui masika wala kiangazi. Hufika kila mwisho wa mwezi.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mfanyabiashara mdogo au wa kati ambaye bado ana mkataba wa kulipa baada ya kutumia kuufikiria upya mkataba huo. Simu kwake ni nyenzo ya kazi kama mizani na turubai. Nyenzo hiyo haifai kuzaa deni katika miezi ambayo ghala ni tupu.

Simu za mkononi zilipoanza nchini mwaka 1994, kupitia Mobitel jijini Dar es Salaam, zilikuwa za watu wenye mikataba. Mteja alitumia kwanza, kisha akaletewa ankara, kama ilivyokuwa kwa simu za mezani za TTCL. Utaratibu huo uliwafaa wenye mishahara na makampuni yenye wahasibu. Mkulima wa Karema au mchuuzi wa Nsimbo hakuwa na nafasi humo, kwa sababu kampuni isingemkopesha mtu isiyejua kipato chake.

Malipo ya kabla ndiyo yaliyobadilisha mambo. Vodacom ya Afrika Kusini ilianzisha huduma ya Vodago mwaka 1996, na ushindani ulipokua nchini kuanzia mwaka 2000, vocha ya kukwangua ilifika madukani hadi vijijini. Mtanzania hakuhitaji kufundishwa sana. LUKU ya TANESCO ilikwisha kumzoesha kulipa kadiri anavyotumia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mfano wa mnunuzi wa mpunga mwenye mkataba wa Sh. 60,000 kwa mwezi, apige simu asipige. Kwa mwaka atalipa Sh. 720,000. Akihamia malipo ya kabla, akatumia Sh. 60,000 kwa miezi saba ya biashara na Sh. 20,000 kwa miezi mitano ya ukimya, jumla itakuwa Sh. 520,000. Sh. 200,000 zinazobaki ni bora zikae kwenye magunia ghalani.

Aidha, wapo wenye mawakala wanaonunua mazao minadani na vijijini. Laini tano za mkataba zilizo mikononi mwa vijana watano ni ankara ambayo tajiri ataijua mwezi ukiisha. Akiwapa kila mmoja muda wa maongezi wa wiki, gharama anaijua kabla gari halijaondoka.

Hata hivyo, si kweli kwamba malipo ya kabla ni nafuu kwa kila mtu. Yana mitego yake, na wengi wameshanaswa.

Mtego wa kwanza ni muda wa kifurushi. Mnunuzi wa mfano wetu akiacha robo ya vifurushi vyake imalizike muda bila kutumika, Sh. 130,000 kwa mwaka amelipia maongezi ambayo hakuyafanya. Kanuni za vifurushi za TCRA zilizoanza Aprili 2021 zilitaka mteja anayenunua tena kifurushi kilekile kabla ya muda kwisha aendelee na salio lake, na aweze kumhamishia mwingine wa mtandao uleule. Ni haki ambayo wafanyabiashara wengi hawaitumii.

Mtego wa pili ni kukopa salio. Waliokimbia deni la mwezi hujikuta wakikopa kila jioni. Ada ya Sh. 100 kwa mkopo wa Sh. 1,000 unaolipwa baada ya siku mbili inaonekana ndogo, lakini ni asilimia 10 kwa siku mbili. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu ambaye angekubali riba hiyo benki. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Mtego wa tatu ni kumbukumbu. Ankara ya mkataba ni hati. Vocha za Sh. 1,000 zikitupwa hovyo haziachi alama. Anayetozwa kodi kwa makadirio ya mauzo hapungukiwi sana, kwa kuwa matumizi yake ya simu hayapunguzi kodi hiyo. Lakini aliyesajiliwa VAT, au anayetayarisha hesabu kamili, anahitaji risiti. Huyo anunue muda wa maongezi kwa kiasi kikubwa mara moja na kutunza ushahidi wake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo wanaohofia kupoteza namba. Namba ni kibao cha duka. Wateja wa Tabora, Kigoma na Sumbawanga wanaijua kwa kichwa, na fedha hupitia humo. Hofu hiyo haina msingi. Kubadili mpango ndani ya kampuni ileile hakulazimishi kubadili namba, na tangu Machi 2017 mteja anaweza hata kuhama mtandao akabaki na namba yake. La muhimu ni kumaliza ankara ya mwisho, kudai amana kama iliwekwa, na kupata maandishi kwamba mkataba umefungwa.

Kwa mwekezaji mdogo kuna somo jingine. Vodacom Tanzania iliuza hisa milioni 560, sawa na asilimia 25, kwa Sh. 850 kila moja, ikakusanya Sh. bilioni 476 na kuorodheshwa DSE Agosti 2017. Anayenunua hisa za kampuni ya simu ajue kuwa vocha ni fedha ambayo kampuni hupokea kabla ya kutoa huduma. Ni mkopo usio na riba kutoka kwa mamilioni ya wateja. Ndiyo maana makampuni hayakuhuzunika mikataba ilipopungua.

Basi mteja naye afanye kama mkopeshaji makini: asikopeshe zaidi ya anachohitaji. Kampuni kubwa yenye mhasibu na mapato ya kila mwezi ibaki na mkataba wake. Mfanyabiashara wa Mpanda anayesubiri Mei alipe kabla, anunue kwa kipimo cha msimu, na awe na salio la akiba usiku ambao dereva anapiga kutoka njiani kuulizia bei ya mwisho. Simu ikikatika saa hiyo, hasara yake si ya vocha bali ya lori zima.