Pambo la Nywele Chomboni: Betri ni Amana ya Wote



Msimu wa harusi umeingia na safari za baharini zimekuwa nyingi. Familia zatoka Mombasa na Malindi, zafika Mokowe, zavuka kwenda Amu, na nyingine huendelea mpaka Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Wako pia wanaokodi jahazi lenye vyumba na jiko, wakalala baharini usiku mmoja au miwili kabla ya kufika shereheni. Katika msimu huu baadhi ya dada zetu wametuuliza suala ambalo mabibi zetu hawakupata kuliuliza: je, yafaa mwanamke kukausha nywele kwa mashine, au kuzinyoosha kwa pasi ya nywele, akiwa ndani ya chombo kinachotegemea umeme wa betri?

Huenda akatokea wa kusema kwamba jambo hili ni dogo, halistahiki ukurasa mzima. Sisi twaona kinyume chake. Nyumbani, mwenye kutumia umeme mwingi hasara yake ni tokeni kwisha mapema. Baharini, umeme unaokausha nywele ndio huo huo unaoiwasha mashine ya boti, unaotoa taa za usiku na unaoiendesha redio ya kuitia msaada. Ukisha, hapana duka la jirani la kununulia tokeni.

Tuseme mapema, asije mtu akatusingizia: pambo si haramu. Mtume wetu (s.a.w.) alihimiza mwenye nywele azitunze, na mwanamke wa Kiislamu hujipamba mbele ya mumewe, maharimu zake na wanawake wenzake bila ya lawama. Bi harusi hapaswi kufika kwa wakwe nywele zikiwa zimekakamaa kwa chumvi ya bahari. Suala letu, basi, si kujipamba. Suala letu ni mahali, wakati na kipimo.

Tuanze na kipimo, kwani hesabu haina upendeleo. Kila kifaa cha umeme kina kibandiko kinachotaja wati zake. Kikausha nywele cha kawaida huwa cha wati 1200 hadi 2000. Pasi za nywele za nyumbani, nyingi zake hutumia wati 30 hadi 60 zikishapata moto, ingawa zile za saluni huweza kula zaidi, hasa zinapoanza kuwashwa. Wengi hudhani vifaa hivi viwili ni ndugu, kwa kuwa vyote ni vya nywele na vyote ni vya moto. Sivyo. Kikausha huweza kula umeme mara thelathini kuliko pasi. Pasi hupasha mabamba mawili madogo na kuyahifadhia moto wake. Kikausha hupasha upepo unaopita bila kusimama na kupotelea hewani.

Sasa tuitazame betri. Tuchukue mfano wa betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100. Kwenye karatasi ina wati-saa 1200. Lakini betri ya namna hii ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara huharibika upesi, kwa hivyo fungu la kutumiwa ni kama wati-saa 600. Tena umeme wake hauwezi kuendesha kikausha cha nyumbani mpaka upitie kwenye inveta, upandishwe hadi volti 240, na njiani hupotea kama sehemu moja ya kumi. Kikausha cha wati 1800, basi, huivuta betri kwa wati 2000, yaani zaidi ya ampea 160 kwa mkupuo mmoja. Gawanya 600 kwa 2000, upate sehemu ya saa: ni dakika 18.

Na hizo dakika 18 nazo ni za karatasini. Ampea-saa 100 zilizoandikwa ubavuni mwa betri kwa kawaida hupimwa kwa kuivuta polepole, ampea tano kwa muda wa saa 20. Ukiivuta kwa pupa, hukupa pungufu ya hapo. Inveta ikiona volti zimeshuka, hulia na kujizima, nywele zikiwa nusu mbichi na nusu kavu. Nani kati ya akina mama wasomao hapa asiyejua kwamba nywele nene zilizooshwa hazikauki kwa robo saa? Na hapo twamzungumzia bi harusi peke yake. Hatujamtaja dada yake, wala somo wake, wala shangazi wawili wanaongoja zamu.

Upande wa pili, pasi ya wati 50 ikitumiwa nusu saa hula wati-saa 25. Ukitia na upotevu wa inveta haifiki 30, nao ni umeme wa kuchaji simu mara mbili hivi. Hapa ndipo jibu linapoanza kuonekana: vifaa viwili, hukumu mbili.

Wako wanaotuambia, «Mashine ya boti ikinguruma betri hujaa.» Kweli hujaa, lakini mashine nyingi ndogo hurudisha ampea chache tu, sita au kumi na mbili hivi, na zile kubwa zaidi kidogo. Mwenye kuteka 160 na kutia 12 hajazi mtungi. Wengine hutegemea sola. Paneli ya wati 100 yahitaji zaidi ya saa tatu za jua kali ili kurudisha kile kilicholiwa na kikausha kwa dakika kumi.

Baada ya hesabu, tuyatazame madhara, nayo ni matatu.

La kwanza ni kukwama. Wasafiri wa Pate na Faza wanaujua mkondo wa Mkanda: hupitwa maji yakijaa, na aliyechelewa hungoja. Saa ya kungoja, chombo kimetia nanga na mashine imezimwa, ndiyo saa inayowashawishi watu kufungua mikoba na kutafuta soketi. Maji yakijaa, nahodha abonyeza stata na mashine haiitiki. Mashine ndogo huvutwa kwa kamba ikawaka; kubwa si ya kuwashwa kwa mkono. Iwapo jua limekwisha kutua, chombo kimebaki bila mashine, bila taa na bila redio, na ndani yake mna watoto na wazee. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, hali hiyo si ya kufanyiwa mzaha.

La pili ni moto. Boti nyingi zetu hubeba petroli ndani ya mitungi ya plastiki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu, hushuka na kutulia ngamani. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na mvuke huu nao marejeo yake ni huko huko, chini ya miguu ya abiria. Ndani ya kikausha mna waya unaopata moto mpaka ukawa mwekundu, na mara nyingi mota ndogo yenye kutoa cheche. Vitu viwili hivyo havifai kukutana. Isitoshe, ampea 160 huhitaji waya mnene na mfupi. Zikipitishwa kwenye waya mwembamba wa taa, waya hupata moto, ganda lake likayeyuka, na moto ukaanzia nyuma ya mbao mahali asipopaona mtu. Nchi kavu mtu hukimbilia nje. Baharini nje ni wapi?

La tatu ni mwili wenyewe. Volti 240 zitokazo kwenye inveta zaweza kuua kama zile za ukutani, na chomboni mikono imelowa maji ya chumvi, ambayo hupitisha umeme vizuri. Pasi ya nywele nayo hufikia nyuzi 200 za moto. Wimbi moja latosha kuiangusha juu ya paja la mtoto aliyelala, au juu ya jaketi la kuokolea maisha.

Wanazuoni wa fiqhi wametufundisha kwamba kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta manufaa. Na Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa watu waliogawana jahazi kwa kura, wengine juu na wengine chini. Wale wa chini, walipochoka kupanda kuteka maji, waliona bora watoboe tundu katika fungu lao. Hawakukusudia uovu, walitaka kuwapunguzia wenzao usumbufu. Lakini lau wangeachiwa, wangeangamia wao na wa juu pia. Twaona mfano huo wazitosha zama zetu. Betri ya chombo ni ubao wa wote. Anayeikausha kwa haja yake, hata haja hiyo iwe halali na nzuri, ametoboa katika fungu ambalo si lake peke yake.

Basi ifanyweje? Twasema hivi.

Nywele zioshwe na kukaushwa nchi kavu, siku moja kabla ya safari, mahali penye umeme wa kutosha. Kisha zisukwe au zifungwe ili chumvi na upepo visizivuruge. Hapa mabibi zetu walikuwa na elimu kubwa kuliko tunavyowapa heshima. Msuko wa twende kilioni huhimili safari ya siku kadhaa. Nywele zikipakwa mafuta ya nazi kidogo, zikagawanywa mafungu na kusokotwa usiku, au zikazungushiwa rola, asubuhi hufumuliwa zikiwa na mawimbi bila ya wati hata moja. Leso ya hariri au kitambaa laini juu yake huzuia msuguano. Nywele zilizolowa zikamuliwe kwanza kwa taulo kavu, kwa kuwa kazi ngumu ya kikausha ni kuyageuza maji kuwa mvuke. Kila tone lililonyonywa na taulo ni umeme uliobaki betrini.

Asiyekuwa na budi kutumia pasi, na aitumie juu ya nywele kavu, chombo kikiwa kimetulia gatini au nangani, mbali na petroli, na baada ya kumuuliza nahodha. Tusione haya kumuuliza. Yeye ndiye aliyebeba dhamana ya roho zetu. Ziko pia pasi zenye betri yake ndani, zinazochajiwa nyumbani. Hizo haziigusi betri ya chombo, ila zisiachwe juani. Lakini zile za kuwashwa kwa gesi zina mwako wa moto, nazo mahali penye petroli hazifai kabisa. Kadhalika chetezo cha udi: makaa yabaki nchi kavu, na asumini na vikuba vitatosha manukato ya njiani.

Tusisahau sitara. Boti ya abiria haina pazia, na mabaharia si maharimu. Mwanamke afunuaye nywele ili azinyooshe mbele yao amelipa kwa pambo hilo bei kubwa kuliko umeme.

Kwa wenye vyombo, twawanasihi watenge betri mbili: moja ya kuwashia mashine, isiyoguswa kwa jambo jingine lolote, na ya pili ya matumizi ya abiria. Inveta ifungwe na fundi anayejua kazi yake, kwa waya unaolingana na nguvu yake, na fyuzi iwe karibu na betri. Na karibu na soketi paandikwe kwa Kiswahili wati zinazoruhusiwa. Abiria hawezi kulaumiwa kwa mpaka ambao hakuonyeshwa.

Kwa akina baba, tuna neno moja. Msifanye makala haya kuwa fimbo ya kuwachapia wake zenu. Birika la umeme mnalolitaka kila baada ya saa kwa ajili ya chai nalo aghalabu ni la wati 1500 au 2000, na hesabu yake ni ile ile ya kikausha. Mke akiambiwa afunge nywele zake kwa ajili ya usalama wa wote, na mume naye abebe chai yake katika chupa.

Dada zetu, uzuri wa bi harusi hauanzi pale mtungi wa umeme unapokwisha. Huanza pale wote waliopanda naye chomboni waposhuka salama, mtoto kwa mkubwa, wakapokelewa kwa vigelegele. Mwenyezi Mungu awabariki maharusi wa msimu huu, awalinde wasafiri wetu wa bara na bahari, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotunza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.