Deni la vita vya Iraq kulipwa na wajukuu

MAJESHI ya Marekani na Uingereza yalipoivamia Iraq mnamo Machi 20, 2003, serikali ya Rais George W. Bush ilikuwa imewahakikishia raia wake kwamba kazi hiyo ingemalizika haraka na kwa gharama nafuu. Zaidi ya miongo miwili baadaye, gharama hiyo ingali inahesabiwa.

Si kwamba hakuna aliyeonya. Mnamo Septemba 2002, Lawrence Lindsey, aliyekuwa mshauri mkuu wa Bush kuhusu masuala ya uchumi, alikadiria kwamba vita hivyo vingegharimu kati ya dola bilioni 100 na bilioni 200. Wakuu wenzake hawakupendezwa. Mkurugenzi wa bajeti, Mitch Daniels, alitaja dola bilioni 50 hadi 60, na kabla ya mwaka huo kwisha Lindsey alikuwa ameondoka White House.

Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, Jenerali Eric Shinseki, naye aliliambia Bunge mnamo Februari 2003 kwamba mamia ya maelfu ya wanajeshi wangehitajika kudumisha utulivu baada ya Saddam Hussein kung'olewa. Naibu Waziri wa Ulinzi, Paul Wolfowitz, alimpinga hadharani. Ni Wolfowitz huyo huyo aliyedai kwamba Iraq, kwa utajiri wake wa mafuta, ingeweza kujigharimia ujenzi mpya.

Ikumbukwe kwamba hata hesabu ya Lindsey, iliyoonekana ya kutisha wakati huo, ilikuwa ndogo mno. Kufikia mwisho wa 2011, wanajeshi wa Marekani walipoondoka, Bunge lao lilikuwa limeidhinisha takriban dola bilioni 800 kwa vita hivyo. Na hizo ni zile tu zilizopitishwa wazi wazi.

Joseph Stiglitz, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2001, na Linda Bilmes wa Chuo Kikuu cha Harvard, walichapisha kitabu mnamo 2008 wakikadiria kwamba jumla ingefika dola trilioni tatu. Wapo waliowashutumu kwa kutia chumvi. Hata hivyo, hoja yao ya msingi haijapanguliwa: serikali inapokwenda vitani huku ikipunguza kodi, kama alivyofanya Bush mnamo 2001 na 2003, fedha za vita hutokana na mikopo, na mikopo huzaa riba. Mwananchi wa kawaida haoni mkato wowote kwenye mshahara wake, kwa hivyo haoni sababu ya kuuliza maswali.

Sehemu kubwa zaidi ya hesabu hiyo imo katika miili ya wanajeshi. Marekani ilipoteza karibu askari 4,500 nchini Iraq, lakini waliojeruhiwa walikuwa takriban 32,000. Hivyo basi, kwa kila aliyefariki, wapatao saba walirudi na majeraha. Katika vita vya awali wengi wao wangekufa. Helikopta za uokoaji, madaktari walio karibu na medani na mavazi ya kukinga risasi viliwaokoa, ila bomu lililotegwa kando ya barabara halikosi kumwachia mtu alama: mguu uliokatwa, ubongo uliotikiswa, usingizi usiokuja. Majeruhi wa namna hii huhitaji matibabu na malipo ya ulemavu maisha yao yote. Malipo kwa Wamarekani waliopata ulemavu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyomalizika 1918, yalifikia kilele mnamo 1969.

Kwa upande wa Wairaki, hata idadi ya wafu ina utata. Utafiti ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani ulikadiria kwamba watu 151,000 waliuawa kufikia Juni 2006. Utafiti mwingine, uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka huo, ulitaja 655,000. Tofauti hiyo ya nusu milioni yafaa kumshtua msomaji kuliko tarakimu zenyewe, kwani askari wa Marekani walihesabiwa mmoja mmoja, kwa jina na cheo. Aidha, kufikia 2007 Wairaki wapatao milioni mbili walikuwa wamekimbilia nchi za nje, hasa Syria na Jordan.

Kenya haikutuma hata mwanajeshi mmoja, lakini haikunusurika. Mnamo Julai 2004, madereva watatu Wakenya walikuwa miongoni mwa madereva saba wa malori walioajiriwa na kampuni ya Kuwait waliotekwa nyara nchini Iraq. Watekaji walitisha kuwakata vichwa. Waliachiliwa Septemba 1, baada ya wiki kadhaa za kilio na maombi nyumbani. Maelfu ya raia wa Uganda nao waliajiriwa na kampuni za ulinzi kulinda kambi za Wamarekani, kwa ujira ambao ulizidi kupungua kadiri waombaji kazi walivyoongezeka. Watu kama hawa hawamo katika orodha ya askari waliofariki au kujeruhiwa, na huenda hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyofanya kazi hiyo wapewe wao.

Pengo hilo la thamani ya uhai lilijitokeza hata katika rambirambi. Kuanzia 2005, familia ya askari wa Marekani aliyeuawa ilistahili dola 100,000 kutoka kwa serikali, mbali na bima ya hadi dola 400,000. Familia ya raia wa Iraq aliyeuawa kwa bahati mbaya na majeshi hayo iliweza kupewa, kwa kawaida, hadi dola 2,500. Zililipwa mara moja, taslimu, kwa sharti kwamba kuzitoa hakukumaanisha kukiri kosa.